Kwa Miguu kutoka Nyarutarama hadi Biryogo

Mtanzania akirudi kutoka Kigali, ukimuuliza ameona nini, atakuanzia na usafi. Barabara zimefagiliwa, bodaboda amevaa helmeti na abiria wake naye amevaa yake, mifuko ya plastiki huioni hata kwa dawa. Yote ni kweli. Wenzetu waliipiga marufuku mifuko hiyo 2008, sisi tukaendelea kubebea nyanya kwenye rambo hadi 2019. Lakini usafi ni habari ya dakika tano, na mimi shauku yangu ilikuwa nyingine. Nilitaka kuuvuka mji ule kwa miguu, kilima baada ya kilima, kuanzia Nyarutarama wanakokaa mabalozi na wenye nazo, hadi Biryogo, mtaa wa Waislamu ambao wazee wetu wa Tanga waliokuwa wakisafiri na malori walituambia kwamba watu wake huamka na kulala na Kiswahili.

Usitegemee kukuta kibao kinachosema njia ya historia inaanzia hapa. Tuliiunga wenyewe, mimi na mwenyeji wangu, dada mmoja Mnyarwanda aliyezaliwa Karagwe. Babu zake walikimbilia Tanzania katika machafuko ya 1959, na familia ikarudi nyumbani baada ya 1994. Kiswahili chake amekisoma shule za msingi za Kagera, na shikamoo haimtoki mdomoni. Tulikuwa tumepanga iwe Ijumaa, kwa sababu nitakayoieleza tukifika.

NYARUTARAMA

Asubuhi na mapema ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni na vilima vimetoa vichwa tu. Kigali iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa pwani asiyebeba sweta atajua hajui. Nyarutarama imekaa mgongoni mwa kilima kimoja cha wilaya ya Gasabo. Nyumba zenyewe huzioni vizuri. Unaona ukuta, ua uliokatwa sawasawa, geti, na mlinzi aliyesimama nje anayekuamkia "Mwaramutse" kabla hujafungua mdomo. Barabara zimewekewa njia pana za waenda kwa miguu, mawe yamepangwa, mitaro imejengwa, na saa ile waliokuwa wakizitumia ni watu wa aina mbili: wanaokimbia kwa ajili ya afya na wanaowahi kazini.

Kuna wa aina ya tatu, wanaofagia. Nilisimama kumtazama mama mmoja aliyevaa ovaroli na kitambaa kichwani. Alikuwa na ufagio wa mpini mrefu, lakini kwenye nyufa za mawe ya pembeni ufagio ulikuwa haufiki, basi akainama, akawa anaokota majani ya jakaranda moja moja kwa vidole na kuyatia kwenye gunia. Hakuwa na haraka na hakuruka ufa hata mmoja. Usafi wa Kigali wanaousimulia watu ndio huo, una mgongo wa mtu ndani yake.

Chini ya kilima liko bonde lenye uwanja wa gofu na ziwa dogo la kuchimbwa. Uwanja ulikuwa wa mashimo tisa kwa miaka mingi, ukafumuliwa na kujengwa upya kuwa wa mashimo 18 kwa ramani ya kampuni ya Gary Player, mchezaji maarufu wa Afrika Kusini. Mimi gofu sielewi hata kidogo. Lakini ziwa nililielewa. Yangeyange walikuwa wametua kwenye miti ya ukingoni, mnandi mmoja ametandaza mabawa akikausha, na mdiria akawa anapiga mbizi na kurudi tawini bila kitu. Vilima vyote vya Kigali vinamwaga maji yake kwenye mabonde ya namna hii, na zamani mabonde yalikuwa ya mafunjo na viazi vitamu. Mji ulipokua ukayavamia, na sasa unajitahidi kuyarudishia maji yake. Upande wa mashariki, kuelekea uwanja wa ndege, bonde la Nyandungu limegeuzwa bustani ya kutembea yenye hekta 121, iliyofunguliwa 2022. Hatukwenda huko, ni upande mwingine wa safari.

"Pale palikuwa na watu, dada," mwenyeji wangu akanionyesha mteremko wa ng'ambo. "Wengi."

Palikuwa na Kangondo na Kibiraro, vijumba vya udongo na mabati vilivyobanana vikitazamana na majumba ya Nyarutarama. Waliokaa humo ndio waliokuwa wakipika, kufua, kulinda na kuendesha pikipiki za majumba hayo. Watu wa mjini waliubandika mtaa jina la Bannyahe, jina la kejeli kuhusu uhaba wa vyoo, ambalo sitalifafanua zaidi mbele za watu. Serikali ilisema mteremko ni wa hatari na makazi hayakupimwa, ikawajengea wenyeji nyumba Busanza, upande wa Kanombe. Wengi wao walitaka fidia ya fedha mkononi, si nyumba ya kupangiwa, wakaenda mahakamani, kesi zikasogea miaka. Septemba 2022 waliobaki wakaondolewa na mtaa ukabomolewa. Nilitafuta kibao au jiwe lenye jina la mtaa, sikuliona. Nalitaja hili kwa sababu siku hiyo nzima tulipita mahali penye mawe ya ukumbusho, na nilianza kuweka hesabu kichwani ya yaliyokumbukwa na yaliyosahauliwa.

GISHUSHU

Tukapanda na barabara kuu ya Nyarutarama hadi Gishushu. Kabla ya historia tukatafuta maziwa. Kigali ina vibanda vya kuuza maziwa kama Dar es Salaam ilivyo na vibanda vya chipsi: meza mbili tatu, tangi la chuma cha pua kaunta, na ukutani picha ya ng'ombe mwenye pembe ndefu. Unachagua mawili, inshyushyu ya moto, au ikivuguto, mtindi mzito wa baridi. Nilichukua ikivuguto na andazi. Kikombe kilikuwa cha lita nusu hivi, mtindi umeshikana hadi unateleza mzima mzima kuja mdomoni, na uchachu wake ni wa taratibu, haukukunji uso. Wanaume wanne waliokaa nasi, wawili wakiwa na tai, walikunywa kimya hadi mwisho, wakafuta midomo, wakaaga. Ng'ombe katika nchi hii ni salamu. Mtu wa kizamani hukwambia "Amashyo", anakutakia makundi ya ng'ombe, nawe unamwitikia "Amashongore". Na tangu 2006 serikali ina mpango wa Girinka, wa kuipatia familia maskini ng'ombe mmoja, ndama jike wa kwanza akizaliwa anapewa jirani.

Kuvuka barabara ya kwenda uwanja wa ndege kunahitaji akili mbili. Huku magari hupita kulia, urithi wa Wabelgiji, na shingo ya Mtanzania imezoea kugeukia kwingine.

Jengo la Bunge liko hapo hapo, na ukilisogelea unaona ukuta wake una mashimo. Ni ya risasi na makombora, yameachwa makusudi. Mkataba wa amani kati ya serikali ya Rais Habyarimana na waasi wa RPF ulisainiwa kwetu, Arusha, tarehe 4 Agosti 1993, na moja ya masharti yake lilikuwa kwamba wanasiasa wa RPF wakae Kigali wakilindwa na askari wao. Tarehe 28 Desemba mwaka huo kikosi cha askari 600 kikaingia mjini na kupewa jengo hili, wakati huo likiitwa CND. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Habyarimana ikatunguliwa, mauaji yakaanza, na askari hao wakajikuta kisiwani katikati ya mji wa maadui. Walipigana kutokea humu hadi wenzao walipofika kutoka kaskazini, na tarehe 4 Julai Kigali ikaanguka.

Tangu Desemba 2017 sehemu ya jengo ni makumbusho ya vita hivyo. Ukipita ndani unaonyeshwa ramani, picha, sanamu za makamanda, kisha unapandishwa juu ya paa kwenye sanamu ya askari na bunduki yao ya rashasha. Ni historia iliyosimuliwa na aliyeshinda, haina haya ya kuwa hivyo, na kijana aliyetutembeza aliisimulia kwa moyo wake wote. Mimi kilichonikaa zaidi ni mandhari ya kule juu. Kutoka paani unaona vilima karibu vyote vya Kigali, na unafahamu mara moja kwa nini vita vya mji huu vilikuwa vya kilima kwa kilima, na kwa nini mtu aliyejificha bondeni hakuwa na pa kwenda.

KIMIHURURA HADI BONDENI

Kituo cha Mikutano, kile chenye kuba linalowaka rangi usiku na ambacho sasa kimekaa kwenye kila picha ya Kigali, tulikipita kwa mbali. Kilifunguliwa 2016, na kuba lake limefuata mfano wa nyumba ya mwami, mfalme wa Rwanda, kule Nyanza, ya nyasi zilizosukwa. Wazo zuri. Ila nyumba ya mwami ilikuwa na harufu ya moshi na maziwa, na hili halina harufu yoyote.

Kutoka hapo unashuka, unashuka tena, hadi magoti yanalalamika. Bondeni palikuwa na Kimicanga, mtaa wa gereji, mafundi seremala na vibanda vya nyama. Nao umeondolewa, pamebaki uwazi wa nyasi. Mwenyeji wangu alisema tu "hapa napo", tukacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha nyingi, tukaanza kupanda Nyarugenge. Upande ule ule wa kilima, Kiyovu ya maskini ilibomolewa 2008 na watu wake kupelekwa Batsinda. Kiyovu ya matajiri ipo, inaendelea vizuri.

NYARUGENGE

Ukipanda kutokea bondeni unapokewa na kanisa la Sainte-Famille, la matofali mekundu, lililojengwa 1913. Wakati tunapita mafundi wawili walikuwa juu ya ngazi wakisafisha madirisha, na kwaya inafanya mazoezi ndani, sauti nne, ngoma moja. Mwaka 1994 maelfu ya watu walikimbilia humu wakidhani nyumba ya Mungu haiguswi. Wengi walitolewa wakauawa.

Ukisimama pembeni ya kanisa, ng'ambo ya bonde unaiona Gisozi. Kule nilikwenda peke yangu siku iliyotangulia, kwa sababu Gisozi haichanganywi na matembezi mengine. Zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wamezikwa pale, chini ya mabamba mapana ya saruji yasiyo na pambo. Kumbukumbu hiyo ilifunguliwa 2004, na 2023 UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero. Ndani kuna chumba cha watoto. Picha moja kubwa kwa kila mtoto, na chini yake jina, umri, chakula alichokipenda, rafiki yake, kisha alivyouawa. Nilisoma tatu, nikatoka nje kwenye bustani. Atakayekwenda asijilazimishe kumaliza, na asipige picha ya kujionyesha.

Mchana tulikula mélange katika mtaa wa maduka, na hii ni mila inayostahili aya yake. Ni chakula cha kujipakulia: wali, ibitoke, maharage, viazi, isombe (ambayo ni kisamvu kilichopondwa hadi kikasahau kwamba kilikuwa majani), tambi, kabichi, na mwisho wa meza mtu amesimama na kijiko akigawa nyama, kipande kimoja kwa kichwa. Sharti ni kwamba unapakua mara moja tu. Kwa hiyo Wanyarwanda wamekuwa wajenzi. Karani mmoja mbele yetu, mwembamba, shati limepigwa pasi, alianza na viazi kuwa msingi, akasimamisha ndizi pembeni kuwa kuta, akajaza wali katikati, akaufunika kwa isombe ili usimwagike, akaweka nyama juu, akatembea hadi kwenye kiti bila kudondosha hata punje. Alikula vyote. Mezani kuna pilipili ya Akabanga, mafuta makali yaliyotiwa kwenye kichupa kama cha dawa ya macho, na unatona kwa uangalifu ule ule.

Tukapita Camp Kigali kwa muda mfupi. Humo ndimo askari kumi wa Ubelgiji, waliokuwa wakimlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, waliuawa tarehe 7 Aprili 1994. Yeye mwenyewe, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho Rwanda, aliuawa asubuhi ile ile. Nguzo kumi za mawe zimesimamishwa uani, kila moja na mikato yake, idadi ya mikato ni umri wa askari. Jengo walimojibanza lina matundu ya risasi hadi leo. Baada ya vifo hivyo Ubelgiji ikaondoa majeshi yake, na waliokuwa wakitegemea ulinzi wake wakaachwa hivi hivi.

NYUMBA YA KANDT

Sasa tukarudi nyuma zaidi, kwa mtu aliyeuanzisha mji. Richard Kandt alikuwa daktari Mjerumani aliyekuja Afrika kutafuta chanzo cha Nile, akakifuatilia hadi kwenye mto Rukarara katika msitu wa Nyungwe mwaka 1898, akaandika kitabu. Baadaye serikali yake ikamfanya mwakilishi wake Rwanda, na 1907 akachagua kilima cha Nyarugenge kujenga kituo. Nyanza ilikuwa na mwami Yuhi Musinga na watu wake, na Wajerumani walitaka kutawala kupitia kwake bila kukaa mlangoni kwake. Nyarugenge ilikuwa katikati ya nchi na mbali kiasi na ikulu. Basi.

Nyumba imegeuzwa makumbusho. Kuna picha za wakati wa Wajerumani, kuna zana za kabla yao, na uani, sijui kwa mantiki gani, kuna nyoka hai kwenye vizimba na mamba. Watoto wa shule waliokuwepo siku ile hawakuangalia picha hata moja. Mimi nilisimama mbele ya picha za askari na wapagazi nikatazama nyuso. Ni nyuso za kwetu. Rwanda wakati huo ilikuwa sehemu ya koloni moja na Tanga, Tabora na Bukoba, na lugha ya kazi ya serikali ya Kijerumani ilikuwa Kiswahili. Mzungu alikuwa mmoja, wawili, lakini nyuma yake walikuwa askari, makarani, wapishi, mafundi, wapagazi, na nyuma yao wafanyabiashara wa Kiarabu, Kihindi na Waswahili wenyewe. Hata Musinga alijifunza Kiswahili apate kuelewana na wageni wake. Wanaosema mji huu ulianzishwa na Kandt hawajakosea, ila waongeze kwamba walioujenga kwa mikono walikuwa wakiitana kwa Kiswahili.

Kandt alirudi Ujerumani kwa likizo, vita vikamkuta huko, akafa 1918. Kigali ilikwisha kuwa mikononi mwa Wabelgiji tangu 1916. Haikuwa mji mkubwa kamwe chini yao. Kufikia uhuru, Julai 1962, ilikuwa na watu kama 6,000 tu. Sensa ya 2022 imehesabu zaidi ya milioni 1.7.

BIRYOGO

Unashuka kidogo kutoka kwa Kandt, na hewa inabadilika. Kwanza kelele: redio, cherehani, watu wanaitana kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Kigali ya juu ni mji wa kunong'ona. Kisha kanzu. Ilikuwa Ijumaa alasiri, waliotoka msikitini bado wamezagaa barazani na kofia zao za kufuma, na hiyo ndiyo sababu ya kuchagua siku ile.

"Assalaam alaykum," nikawaamkia wazee watatu waliokaa kwenye benchi nje ya duka la vipuri.

Wakaitikia. Mmoja akanitazama. "Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Tanga, mzee. Shikamoo."

"Marahaba! Tanga kabisa? Nimelala Tanga mimi, nikiwa turnboi. Mulikuwa na machungwa." Akasogea nipate nafasi. "Kaa. Hapa ni kwenu."

Alikuwa ameendesha malori ya Mombasa na ya Dar hadi macho yalipomkatalia. Babu yake, kama alivyosimuliwa, alikuja kutoka upande wa Tabora na Wajerumani, akaoa hapa hapa, hakurudi. Kiswahili cha mzee kilikuwa na lafudhi ya Kinyarwanda juu, Kikongo pembeni na pwani chini kabisa, na alikiongea bila kukitafuta. Nilipomuuliza kwa nini madereva na mafundi wengi wa Kigali ya zamani walitoka mitaa hii, alinijibu bila uchungu, ukiwa umeshaisha siku nyingi.

Chini ya Wabelgiji shule zilikuwa za makanisa, na mtoto wa Kiislamu aliyetaka shule aliambiwa abadili dini. Wengi hawakubadili. Wakabakiwa na usukani, spana, sindano na biashara. Waislamu walihesabiwa kuwa wageni hata waliozaliwa hapa, wakakusanywa kwenye kambi yao, kambi ya Waswahili, ambayo ndiyo Biryogo, na kutoka kwenda kwingine nchini kulihitaji kibali. "Baba alikuwa nacho, karatasi," mzee alisema. "Alikiweka ndani ya msahafu ili asikipoteze." Uhuru ulipokuja wakaruhusiwa kwenda watakako. Wengi walibaki.

Akatupeleka hadi msikiti wa Al-Fatah, ambao watu huuita Msikiti wa Kijani. Ulijengwa 1913 na ndio wa kwanza Rwanda nzima. Mwaka ule ule, kilima kile kile, Wakatoliki walikuwa wakiinua Sainte-Famille. Majengo mawili ya umri mmoja, moja limo kwenye kila ramani ya watalii, jingine nililiona kwa sababu ya mzee wa benchi.

Nilimuuliza, kwa adabu, kuhusu 1994. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema mtaa huu ulikuwa wa mchanganyiko mno, watu wameoana, wameswali safu moja, na maimamu walikuwa wameshasema hadharani kwamba damu ni haramu. Watu walifichwa darini, misikitini, chini ya vitanda. Hakusema kwamba wote walikuwa wema. "Wabaya walikuwepo," alisema, "walijulikana." Lakini waliosimama na majirani zao walikuwa wengi kiasi kwamba baada ya vita Wanyarwanda wengi waliingia Uislamu kwa kuliona hilo. Habari hii watafiti wameiandika, ila sikuona mahali ilipoandikwa ukutani.

Jioni tulikula barabarani, nami nasema barabarani kwa maana kamili. Tangu enzi za UVIKO-19 sehemu ya Biryogo imefungwa kwa magari, lami ikapakwa rangi, na mikahawa ikatoa meza zake nje hadi katikati ya njia. Hakuna bia. Kuna chai ya mnanaa na limau, moto wa kuunguza, inayomiminwa kwa mbali ili ifanye povu. Kuna mishikaki ya mbuzi, wenyewe wanaiita brosheti, vipande vikubwa vyenye mafuta kidogo kati ya kila kimoja na kitunguu kilichoungua pembeni, na ndizi za kuchoma. Mchomaji hakugeuza kwa mikono miwili kama wa kwetu. Alishika fimbo tano kwa mkono mmoja, akazizungusha zote pamoja kwa kidole gumba, na mkono wa pili ulikuwa kwenye simu. Pwani tunachoma vizuri, sikatai, ila kwa mbuzi nimekubali yaishe.

NYAMIRAMBO

Baada ya magharibi tukafuata barabara inayopanda Nyamirambo, saluni kando ya saluni, vitenge vimetundikwa nje, na juu kabisa mlima Kigali umekuwa mweusi. Uwanja wa mpira ulikuwa na watu. Unaitwa Pelé tangu Machi 2023, FIFA ilipofanya mkutano wake hapa, lakini mashabiki tuliopishana nao waliutaja kwa jina la mtaa tu, na walikuwa wakibishana kuhusu penalti kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili katika sentensi moja. Bunge, lile lile lenye mashimo ukutani, lilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya nchi 2017. Nyamirambo ilikuwa imeshapitisha sheria hiyo miaka mia moja kabla.

Msomaji, kama Kigali utapata siku moja tu, kuba lile lenye rangi litazame usiku kutoka popote ulipo, linatosha kwa mbali. Mchana wako uuanzie Nyarutarama ukungu ukiwa bado bondeni, uvae viatu vilivyozoea vilima, na kwenye mélange usijenge ghorofa, maana nyama yenyewe iko mwisho wa njia. Ukifika Biryogo usihangaike kutafuta Kiingereza. Tafuta benchi lenye wazee, toa salamu, na uwaulize kuhusu msikiti wa 1913 wakati waliosimuliwa na babu zao wenyewe bado wako hai.